Uliza Ujibiwe: Mafuta ya nazi yasiyopikwa, kutoka tui hadi chupani

Barua kuhusu mafuta ya nazi zimefululiza, hasa kutoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi, ambako nazi hufika kwa lori kutoka Pwani na wengi ndio kwanza wanajifunza kuzikamua. Mafuta tunayozungumzia ni yale yanayoandikwa "virgin" kwenye chupa: yametoka kwenye nazi mbichi, hayakutiwa kemikali wala kusafishwa kiwandani. Barua ndefu tumezifupisha.

Nimejaribu mara kadhaa kutoa mafuta kwa kuchachusha. Nakuna nazi, nakamua tui, naliacha kwenye ndoo jikoni usiku kucha. Asubuhi nakuta krimu nyeupe juu na maji chini, mafuta hakuna. Dada yangu yuko Kisumu, anafuata maelekezo yale yale na mafuta anapata. Nakosea wapi?
*Msomaji, Lanet, Nakuru*

Vipimo vyako huenda viko sawa. Kinachokuangusha ni baridi.

Tui ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanyika majini. Kila tone limevikwa utando wa protini unaolizuia lisiungane na jingine. Kuchachusha ni kuwaachia bakteria wa asidi ya laktiki, jamii ile ile inayogandisha mala, watie tui ukali mpaka protini zigande na kuyaachia mafuta. Bakteria hao huchapa kazi kwenye nyuzijoto 35 hadi 40. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, jikoni kuna joto hata usiku. Nakuru iko mita 1,850 hivi, na usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10. Hapo bakteria wanalala. Isitoshe, mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo hata yale machache yaliyofunguka yanabaki yamekwama ndani ya krimu, hayawezi kupanda juu.

Dawa yake ni kulitunzia tui joto. Fanya hivi.

Chukua nazi 15 zilizokomaa kabisa, zenye kifuu cha kahawia iliyokolea na maji yanayosikika ukizitikisa. Koroma lina maji mengi na mafuta kidogo. Nazi iliyoanza kuchipua, ile yenye sifongo ndani, iache pia: mmea umeshaanza kuyavunja mafuta uyale. Pasua moja moja na unuse kila moja kabla ya kuichanganya na nyingine, kwa sababu nazi moja iliyooza inaharibu tui lote. Ukitaka mafuta meupe kama maji, menya ile ngozi ya kahawia inayoshika nyama ya nazi. Ukiiacha hupati hasara kubwa, rangi tu itaelekea manjano.

Ikune nazi kwa mbuzi, kile kibao chenye meno ya chuma, au kwa mashine. Pima nazi iliyokunwa kwa bakuli, kisha utie kiasi hicho hicho cha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi nyuzi 40 au 45. Ikande dakika kumi bila haraka, ukamue kwa kitambaa safi cha pamba. Rudia mara ya pili kwa nusu ya maji uliyotumia mwanzo. Usiongeze zaidi ya hapo. Wengi hudhani maji mengi yatatoa mafuta mengi, kumbe yanalipunguza makali tui na kukupa ndoo kubwa ya kupasha joto bure.

Chuja tui mara mbili, ulimimine kwenye mtungi mrefu unaoonyesha ndani. Liache saa mbili au tatu mpaka krimu ipande, kisha ingiza mpira mwembamba hadi chini uyavute yale maji na kuyatoa. Unabaki na krimu peke yake. Hatua hii wengi wanairuka, nasi tunaiona kuwa muhimu kuliko zote kwa mtu wa Nakuru, maana krimu ni kidogo na ni rahisi kuitunzia joto.

Sasa funika mtungi, uuweke ndani ya kikapu cha kuhifadhi joto au coolbox, pamoja na chupa mbili za lita moja zenye maji ya nyuzi 50 au 55. Zibadilishe kila baada ya saa tano au sita. Kipimajoto ni lazima. Krimu ikae kati ya nyuzi 36 na 40. Ikipita 45 unawadhoofisha bakteria wenyewe.

Baada ya saa 16 hadi 20 utaona tabaka: ganda jembamba juu, chini yake mafuta maangavu, halafu mgando mweupe, na maji yenye ukali chini kabisa. Toboa ganda pembeni, uteke mafuta kwa upawa bila kugusa mgando. Usivuke saa 24. Zaidi ya hapo mafuta huchukua harufu ya uchachu ambayo huwezi kuiondoa tena, na rangi inabadilika. Mgando uliobaki una mafuta bado: upike kwa moto mdogo mpaka ukauke na kuwa kahawia, upate mafuta mengine ya kukaangia.

Na usiyadharau hayo ya kupika, ambayo Pwani yametengenezwa hivyo tangu jadi. Utafiti wa Sri Lanka uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha mafuta yaliyotolewa kwa moto na yaliyotolewa bila moto, ukakuta yale ya moto yana viambata zaidi vya fenoli, ambavyo huzuia mafuta yasichakae. Yasiyopikwa yanapendwa kwa harufu nyepesi na rangi, jambo ambalo si dogo kwa mwenye kuuza.

Nilinunua mafuta ya nazi Kisumu yakiwa kama maji. Nimefika nyumbani yamekuwa meupe na magumu kama Kimbo. Nimeuziwa feki?
*Msomaji, Kericho*

La, hayo ni mafuta yanayofanya kama ilivyo asili yake. Chini ya nyuzi 24 huganda, na Kericho ni baridi. Weka chupa kwenye maji ya vuguvugu, yatayeyuka. Kuganda na kuyeyuka mara kwa mara hakuyaharibu.

Ya kutilia shaka ni yale ambayo hayagandi. Yaweke kwenye friji usiku mmoja. Sehemu ikibaki majimaji juu au pembeni, yamechanganywa na mafuta ya alizeti, ya soya au mafuta ya madini. Ila jaribio hili lina mpaka wake. Mafuta ya kiini cha mbegu ya mchikichi nayo yana asidi nyingi ya lauriki na huganda karibu sawa na ya nazi, kwa hiyo friji haitakuonyesha. Hapo ni maabara tu.

Mafuta yangu huwa mazuri wiki ya kwanza. Baada ya mwezi yananuka kama sabuni na wateja wanarudisha. Naweka kwenye chupa safi na nafunga vizuri. Tatizo ni nini?
*Mfanyabiashara, Kondele, Kisumu*

Maji. Umesema chupa ni safi, hukusema ni kavu.

Harufu ya sabuni hutokea maji yanapoyavunja mafuta na kuziachia huru asidi zake. Vimeng'enya vilivyotoka kwenye nazi na ukungu usioonekana huiharakisha kazi hiyo, na joto la Kisumu linaisukuma zaidi. Kipimo kinachofuatwa na nchi zinazolima nazi barani Asia na visiwa vya Pasifiki ni maji yasiyozidi asilimia 0.1. Kwa lita moja hiyo ni chini ya mililita moja, hata robo ya kijiko cha chai haifiki. Chupa iliyosuuzwa ikainamishwa dakika tano ina matone ya kutosha kuharibu kila kitu ulichofanya.

Kwa hiyo kausha chupa siku nzima zikiwa zimepinduliwa, kisha uziweke juani zikitazama juu, uziangalie dhidi ya mwanga kabla ya kujaza. Vifuniko pia, maana ule mpira wa ndani hushika maji.

Mafuta yenyewe nayo yakaushwe. Weka sufuria ya mafuta ndani ya sufuria kubwa yenye maji moto, uyafikishe nyuzi 50 hadi 60, ukoroge polepole kwa nusu saa hivi bila kufunika, mvuke utoke. Chuja kwa kitambaa kizito cha pamba kilichokauka kabisa. Yaache siku mbili tatu mahali pa joto, masimbi, yaani mashapo, yatue chini, kisha umimine ya juu na kuyaacha ya chini. Kujaribu, weka kijiko kimoja kwenye kikaango kikavu kilichopata moto. Yakilia na kurukaruka, maji bado yamo. Yakikaa kimya, funga chupa.

Jifunze pia kutofautisha harufu, kwa sababu kila moja inakuonyesha hatua iliyoharibika. Harufu ya uchachu ni tui lililokaa muda mrefu. Ya sabuni ni maji. Ya ukungu au moshi imetoka kwenye nazi yenyewe, kabla hujaikuna. Ile ya njugu zilizochakaa ni hewa na mwanga: jaza chupa hadi shingoni, tumia chupa za rangi nyeusi au uzifiche, na usihifadhi mafuta kwenye chombo cha shaba au cha chuma chenye kutu, kwa kuwa madini hayo huharakisha kuchakaa.

Yaliyokwisha kunuka hayarudi. Yafanye sabuni ya kipande: kilo moja ya mafuta kwa gramu 170 za kostiki soda safi na gramu 350 za maji. Mimina soda ndani ya maji, kamwe usimimine maji juu ya soda, na uvae glavu na miwani. Sufuria ya alumini isikaribie, soda huila. Viache vipande vikae wiki nne hadi sita kabla ya kutumia.

Daktari ameniambia kolesteroli yangu iko juu. Muuzaji sokoni ananiambia vijiko viwili vya mafuta ya nazi kila asubuhi vitasafisha mishipa. Nimsikilize nani?
*Mzee wa miaka 61, Bungoma*

Mzee wetu, msikilize daktari. Tunalisema hili tukiwa watu wanaoyathamini mafuta haya.

Mafuta ya nazi ni zaidi ya asilimia 80 mafuta ya aina inayoganda, mafuta shibe kama wataalamu wa lishe wanavyoyaita. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta shibe yasizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula chote cha siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo ni gramu 22 hivi. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi vina karibu gramu 27 za mafuta, na gramu 23 hivi kati ya hizo ni shibe. Yaani kabla hujanywa chai umeshamaliza fungu la siku nzima, bado nyama, maziwa na mandazi.

Mwaka 2020 jarida la Circulation lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 16 kwa watu. Mafuta ya nazi yakilinganishwa na mafuta ya mimea isiyo ya tropiki, yaliipandisha LDL, kolesteroli inayodhuru mishipa, kwa miligramu 10 hivi katika kila desilita ya damu. Yalipandisha pia HDL, ile inayoitwa nzuri, kwa miligramu 4. Wauzaji hutaja hiyo ya pili na kunyamazia ya kwanza.

Ni haki kusema kwamba si majaribio yote yaliyokubaliana. Lile la Uingereza lililochapishwa mwaka 2018, ambapo watu wa miaka 50 hadi 75 walikula gramu 50 kila siku kwa wiki nne, lilikuta siagi inapandisha LDL kuliko mafuta ya nazi, na mafuta ya nazi hayakutofautiana na ya zeituni. Lakini wiki nne ni muda mfupi, na unapoyaweka majaribio yote pamoja, LDL inapanda.

Utasikia pia kwamba mafuta ya nazi "hayakai mwilini" kwa sababu ni ya mnyororo wa kati. Majaribio yanayotajwa mara nyingi yalitumia mafuta maalumu ya MCT, yaani ya mnyororo wa kati pekee, yaliyotengenezwa kwa asidi fupi za kapriliki na kapriki. Asidi hizo kwenye mafuta ya nazi ya kawaida ni chache, asilimia 15 hivi. Iliyojaa ni lauriki, karibu nusu ya mafuta yote, na sehemu yake kubwa husafiri mwilini kwa njia ile ile ya mafuta mengine. Wengine watakutajia watu wa visiwa vya Tokelau na Pukapuka, ambao watafiti waliwakuta wakila nazi kwa wingi huku magonjwa ya moyo yakiwa haba. Ni kweli, lakini walikula nazi nzima yenye nyuzinyuzi zake, pamoja na samaki, si kunywa mafuta kwa kijiko.

Kwa hali yako, mzee, samaki wa tui mara moja moja hana neno, ila mafuta ya kila siku yawe ya alizeti au soya, tena kidogo. Dawa ulizoandikiwa endelea nazo, na damu ipimwe tena tarehe uliyopewa.

Nimesikia lauriki inaua virusi. Kuna jamaa amewacha ARV, dawa za ukimwi, anakunywa mafuta ya nazi. Ni kweli yanatibu?
*Siaya*

Hayatibu. Mwambie arudi kliniki leo, asingoje tarehe. Monolaurini, kitu kinachotokana na lauriki, huharibu baadhi ya virusi na bakteria ndani ya vyombo vya maabara. Kutoka kwenye kioo cha maabara hadi kwenye damu ya mtu ni safari ndefu, na hakuna ushahidi kwamba kunywa mafuta ya nazi kunavizuia virusi vya ukimwi. Akiacha ARV virusi hupanda tena ndani ya wiki chache, na vinaweza kuzoea dawa aliyokuwa akitumia. Asiache kwenda kwa kuogopa kufokewa. Wahudumu hupokea watu waliokatiza dawa kila siku. Kama anapenda mafuta ya nazi kwenye mboga, ayapikie huku akimeza dawa.

Mtoto wangu ana miaka miwili, ngozi kavu inayowasha kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Naweza kumpaka mafuta ya nazi? Na huyu mchanga wa wiki tatu, mama mkwe anataka nimtilie matone puani.
*Mama, Homa Bay*

Mama, kwa huyo mkubwa, ndiyo. Hapa ushahidi ni mzuri kuliko wa mahali pengine popote. Jaribio la Ufilipino lililochapishwa mwaka 2014 lilichukua watoto 117 wenye pumu ya ngozi ya kiwango kidogo hadi cha kati. Kundi moja lilipakwa mafuta asilia ya nazi, jingine mafuta ya madini, kwa wiki nane. Alama za ukali wa ugonjwa zilishuka kwa asilimia 68 kwa waliopakwa ya nazi, na 38 kwa wale wengine.

Kwanza jaribu tone moja ndani ya kigasha, uangalie siku mbili. Kama hakuna wekundu, mwogeshe kwa maji ya vuguvugu kwa muda mfupi, umfute kwa kumgusagusa na taulo bila kumsugua, umpake ndani ya dakika tatu ngozi ikiwa bado na unyevu. Kijiko kimoja cha chai kinatosha mwili wote, asubuhi na jioni. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, yanayafungia yaliyopo, ndiyo maana kumpaka akiwa mkavu kabisa hakusaidii sana. Pakitoka usaha, ganda la manjano au homa, acha mafuta umpeleke hospitali.

Kwa mchanga, puani usitie chochote cha mafuta, wala usimnyweshe. Mafuta yakiteleza hadi kwenye mapafu, mwili unashindwa kuyatoa na husababisha nimonia mbaya. Kitovu pia kisipakwe mafuta. Mweleze mama mkwe kwa upole kwamba mwilini anaweza kumkanda mjukuu wake kwa mafuta kidogo, ila si puani wala mdomoni.

Kikundi chetu cha akina mama kinataka kununua mashine na kuanza kukamua hapa. Nazi tutazitoa Pwani. Mnashauri mashine gani?
*Kakamega*

Kabla ya mashine, pigeni hesabu ya lori. Kilo moja ya nazi iliyofuliwa makumbi ina kama nusu kilo ya nyama, iliyobaki ni kifuu na maji. Katika hiyo nyama, karibu nusu ni maji na theluthi moja ndiyo mafuta. Kwa hiyo kila kilo mnayoilipia nauli kutoka Kilifi au Kwale imebeba gramu 170 hivi za mafuta, na kwa mikono hamtazipata zote. Kwa maoni yetu, mtu wa Kakamega atafaidika zaidi akinunua mafuta kwa jumla kutoka kikundi cha wakamuaji wa Pwani anaowaamini, kisha akayachuja, akayapima na kuyapaki vizuri.

Mkiamua kukamua, mbinu inayofaa kikundi kidogo ni ile iliyobuniwa Australia na Dan Etherington: nazi iliyokunwa inakaushwa juu ya bamba la chuma linalopashwa kwa vifuu, hadi ibakiwe na maji asilimia 10 hadi 12, kisha inakamuliwa kwa jeki ya mkono ikiwa bado na joto. Haihitaji maji wala umeme, na mafuta hutoka saa ile ile. Ugumu wake ni mmoja: kuhisi ukavu kwa vidole. Nazi ikiwa na unyevu, yanatoka maji meupe kama tui. Ikikauka kupita kiasi, mafuta yanabaki ndani na unga unaungua. Mashine ya kutenganisha tui kwa kulizungusha kwa kasi hutoa mafuta mazuri sana, lakini inadai umeme usiokatika, maji mengi safi na fundi wa karibu.

Kuuza dukani kunahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa hiyo anzeni kupeleka sampuli mapema, kabla ya kuchapisha lebo. Na kwenye lebo msiandike kwamba yanatibu ugonjwa wowote.

Machicha yanayobaki baada ya kukamua tui, kuku wanaweza kula?
*Njoro*

Wanaweza, yakiwa mabichi siku ile ile au yaliyokaushwa vizuri. Yatandaze juani unene wa kidole kimoja, uyageuze mara kwa mara mpaka yavunjike mkononi bila kushikana. Njoro ikiwa na mawingu yakaushie juu ya bati lenye moto mdogo chini. Yakipata ukungu, yatupe kwenye shimo la mbolea, kwa sababu sumu ya ukungu inaua vifaranga. Protini yake ni kidogo na nyuzinyuzi ni nyingi, basi changanya sehemu moja ya machicha na sehemu tisa za chakula cha kawaida cha kuku wakubwa, na vifaranga usiwape.